Patisheni iliyotengenezwa kwenye mashine nyingine: jibu kwa fundi wa Moshi

Swali

Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nina karakana ndogo ya kompyuta. Nimeletewa Pentium MMX ya mwaka 1997 yenye Windows 98. Inaendesha mashine ya kukata stika za magari kupitia waya wa printa. Programu yake haikubali Windows mpya na flopi za kuisakinisha zilishapotea. Diski yake ya GB 2.1 imeanza kugonga tiki-tiki, siku nyingine inawaka, siku nyingine haiwaki. Nimenunua Arusha diski ya mtumba ya GB 80. Nikiifunga kwenye hiyo Pentium, inaganda pale inapotambua diski. Nikaihamishia kwenye Pentium III, FDISK ya Windows 98 (zana ya kugawa diski) ikaniambia ina megabaiti 10,700 na ushee tu. Nikatengeneza patisheni (sehemu ya diski) ya megabaiti 10,000, nikafomati kwa /S ili iwe na faili za kuwashia, ikawaka vizuri hapo. Nikaweka jampa (kiunganishi kidogo cha pini za diski) ya kuipunguza hadi GB 32 na kuirudisha kwenye mashine yake. Sasa haigandi, ila inaandika "Invalid system disk. Replace the disk, and then press any key". Kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamsha mashine, diski imewekwa LARGE, kama ilivyokuwa ya zamani. Je, diski niliyouziwa ni mbovu? Nifomati upya?

Jibu

Marahaba, fundi. Diski uliyouziwa haina kosa, na usifomati chochote kabla hujaiokoa ile ya GB 2.1. Umeniuliza kuhusu diski mpya, lakini mali iko kwenye ya zamani. Kila unapoiwasha diski inayogonga ili uone kama bado inaitika, unakula muda wake uliobaki. Ichomoe, iweke mahali pasipo mtikisiko, kisha tuelewane kwanza juu ya kilichotokea, maana umekutana na vikwazo vitatu tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kuganda kwanza. BIOS nyingi za Award zilizoandikwa kabla ya katikati ya mwaka 1999 hushindwa kuhesabu diski inayozidi GB 33.8. Hesabu ya silinda (mizunguko ya diski, ambayo pamoja na kichwa na sekta ndiyo anwani ya data) inapita 65,535, namba inafurika, na mashine inasimama palepale kwenye mstari wa kutambua diski. Jampa uliyoweka inaifanya diski ijitangaze kuwa ndogo kuliko ilivyo, ndiyo maana sasa inapita. Hapo ulifanya sawa.

Megabaiti 10,700 ni kosa la FDISK yenyewe. FDISK iliyokuja na Windows 98 hutumia namba za biti 16 kwenye hesabu zake za ndani, na diski ikizidi GB 64 inaonyesha kile kilichozidi tu. Diski ya GB 80 ina megabaiti zipatazo 76,300 kwa hesabu ya 1,024. Toa 65,536, unabaki na 10,700 na ushee, namba uliyoiona. Microsoft walitoa FDISK iliyorekebishwa, lakini kwa mashine yako haitakusaidia, kwa sababu tatizo kubwa ni la tatu.

Sasa soma ule ujumbe kwa makini, maana ujumbe wa kuwaka unakuonyesha ni hatua gani imekatika. BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski. Humo mna baiti 446 za msimbo, kisha jedwali la patisheni lenye nafasi 4 za baiti 16 kila moja, kisha alama 55 AA. Msimbo huo ukikuta jedwali lina patisheni mbili zilizowekwa hai, au baiti ya hali isiyo 00 wala 80, unaandika "Invalid partition table". Ukishindwa kusoma sekta ya kwanza ya patisheni, unaandika "Error loading operating system". Ukiisoma lakini usikute 55 AA mwishoni mwake, unaandika "Missing operating system". Wewe hukupata hata mmoja wa hiyo. Ulichopata kinaandikwa na hatua inayofuata, yaani sekta ya kwanza ya patisheni yenyewe, inapotafuta IO.SYS, faili la kuanzisha Windows, isilione. Kwa hiyo jedwali linasomeka na sekta ya kuwashia inasomeka. Inayokosea ni anwani ya mahali saraka kuu ilipo.

Inakosea hivi. Sekta ya kuwashia ya FAT (mpangilio wa faili wa DOS na Windows 98) hubeba ndani yake namba mbili: sekta ngapi kwa kila mzunguko, na vichwa vingapi. Hizo huandikwa siku ya kufomati, kwa jinsi BIOS ya siku hiyo ilivyoitafsiri diski. Pentium III yako iliifungua diski kwa LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo), ikasema ina vichwa 255 na sekta 63. Pentium ya 1997 katika LARGE inaitafsiri diski hiyohiyo kwa njia nyingine, mara nyingi vichwa 240. Chukua anwani moja tu: silinda 1, kichwa 63, sekta 1. Kwa vichwa 255 hiyo ni sekta ya 20,034 tangu mwanzo wa diski. Kwa vichwa 240 ni sekta ya 19,089. Zimeachana kwa sekta 945. Kwenye patisheni ya megabaiti 10,000 ya FAT32, saraka kuu huangukia maeneo ya sekta ya 20,000, na ukirudi nyuma sekta mia tisa unasoma katikati ya jedwali la FAT. Humo hamna jina la faili hata moja, ndipo sekta ya kuwashia inakuambia diski si ya mfumo.

Utauliza mbona basi sekta ya kuwashia yenyewe ilipatikana. Ni kwa sababu FDISK ya zamani huanzisha patisheni ya kwanza kwenye silinda 0, kichwa 1, sekta 1. Mradi kila mzunguko una sekta 63, hapo ni sekta ya 63 hata vichwa vikiwa 16, 64 au 255. Mlango unaonekana sawa kwa kila BIOS, vyumba vya ndani ndivyo vinavyohama. Ndiyo maana tatizo hili huwachanganya mafundi wengi: diski inaanza kuwaka, kisha inakwama njiani, na mtu anakimbilia kufomati.

Kuna jambo lingine ambalo ujumbe huo unanionyesha. Patisheni inayovuka silinda ya 1,024 FDISK huipa aina 0C, yaani FAT32 ya LBA, na kwa aina hiyo msimbo wa Windows 98 hutumia nyongeza za INT 13h (huduma za BIOS za kusoma diski) kama BIOS inazo, bila kujali vichwa. Kwako haikufanya hivyo. Kwa hiyo BIOS yako ama haina nyongeza hizo ama haizitumii kwenye hali hiyo, na mwisho wake ni silinda 1,024 × vichwa 255 × sekta 63, yaani GB 8.4. Patisheni ya megabaiti 10,000 inavuka mpaka huo. Hata ungelazimisha iwake, siku data inapofika mwisho huo mashine haitafika mbele, na faili zitaanza kuharibika bila onyo. Uchukulie GB 8.4 kuwa ukuta wa mashine hii.

Na mbona LARGE haikuleta shida kwenye diski ya zamani? Diski nyingi za GB 2.1 za miaka ile zina silinda 4,092, vichwa 16, sekta 63, jumla baiti 2,111,864,832. LARGE hugawanya silinda kwa 4 na kuzidisha vichwa kwa 4: silinda 1,023, vichwa 64. LBA kwa ukubwa huo nayo huchagua vichwa 64. Njia mbili, jibu moja. Zinaachana diski inapokuwa kubwa, ndipo hali uliyoichagua kwenye BIOS inakuwa sehemu ya data yako.

Sasa kazi. Anza na diski inayogonga.

Tafuta kompyuta yenye soketi ya IDE (ya kebo pana ya diski za zamani) na Linux, au tumia adapta ya IDE kwenda USB. Kwa diski ya 1997 adapta ya USB itafanya kazi, kwa kuwa diski ya umri huo inajua LBA. Za kabla ya miaka ya 1994 hadi 1996 mara nyingi hazijui, na adapta za USB haziwezi kuongea nazo. Hizo ni lazima uzifunge kwenye IDE halisi. Laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS, lakini kumbuka adapta ya IDE ina chaja yake ya umeme: nayo ichomeke kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusoma, kichwa cha diski mgonjwa kinaweza kisirudi tena. Weka diski juu ya kitu laini kisichoziba matundu yake ya hewa, na usiitume Arusha kwa basi wala kuibeba kwenye bodaboda kabla nakala haijakamilika.

Sakinisha gddrescue (kifurushi chenye amri ya ddrescue), kisha tambua diski kwa ukubwa wake:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Hakikisha mara mbili ipi ni ipi. Tuseme ni /dev/sdb. Usikubali Linux iifungue yenyewe. Kama imefunguka kwenye dirisha la faili, ifunge kwa umount. Halafu:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb stika.img stika.map

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb stika.img stika.map

Amri ya kwanza inachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pagumu. Ya pili inarudi kwenye mashimo na kujaribu kila sekta hadi mara tatu zaidi. Faili la stika.map ndilo kumbukumbu ya kazi: diski ikipotea katikati, izime, iache ipoe, uiwashe na kurudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Ukilifuta unaanza moja. Usitumie dd ya kawaida kwenye diski inayogonga, na kwa hali yoyote usiipitishie SCANDISK wala CHKDSK, maana hizo zinaandika, na kuandika kwenye diski inayokufa ni kuizika.

Ikimalizika, ijaribu nakala, sio diski:

sudo mount -o ro,loop,offset=32256 stika.img /mnt

Namba 32256 ni sekta 63 mara baiti 512. Ukiona saraka ya WINDOWS na ile ya programu ya kukata stika, pumua. Nakili faili zima la stika.img kwenye flashi nyingine na uiache hiyo bila kuigusa. Kuanzia hapa makosa yote yanarekebishika.

Kama mount inakataa, fungua nakala kwa TestDisk, zana ya kurejesha patisheni: testdisk stika.img, chagua Intel, kisha Geometry, weka vichwa 64 na sekta 63, halafu Analyse na Quick Search. Ukiipa vichwa visivyo, itakuonyesha patisheni zisizo na maana au isione kitu, na watu wengi huishia hapo wakidhani data imekwisha.

Diski mpya sasa. Kwa mashine hii ningeiacha ile ya GB 80 ikafanye kazi kwenye Pentium III, na kununua kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kumbukumbu kama za kamera) ya GB 4 pamoja na adapta ya CF kwenda IDE ya pini 40. Kadi ya CF inaongea lugha ileile ya IDE, adapta ni waya tu na jampa ya kuchagua masta au slevu. Haina sehemu inayozunguka, na kwenye karakana ya stika yenye vumbi la kiangazi hilo si jambo dogo. Usichukue ya GB 2. Mara nyingi huwa na baiti karibu bilioni 2 kamili, na nakala yako ina bilioni 2.11, haitaingia. Angalia kwa:

sudo blockdev --getsize64 /dev/sdc

Kadi za kiwandani, zile zinazouzwa kwa ajili ya mashine, hustahimili kuandikwa mara nyingi kuliko za kamera. Ukizipata, lipia tofauti hiyo.

Andika nakala kwenye kadi:

sudo dd if=stika.img of=/dev/sdc bs=1M conv=fsync status=progress

Na hapa ndipo mtego uleule unakusubiri tena. Kadi ya GB 4 ukiiacha BIOS iitambue yenyewe kwa LBA, itachagua vichwa 128, kwa sababu ngazi zake huenda kwa ukubwa: hadi megabaiti 504 vichwa 16, hadi 1,008 vichwa 32, hadi 2,016 vichwa 64, hadi 4,032 vichwa 128, na zaidi ya hapo 255. Nakala yako iliandikwa kwa vichwa 64. Utapata "Invalid system disk" ileile, na safari hii utalaumu kadi.

Njia ninayoipendekeza haibadilishi hata baiti moja kwenye kadi. Kabla ya kufunga kadi, kama diski ya zamani bado inaitika na nakala iko salama, ifunge mara moja ya mwisho kwenye Pentium, ingia BIOS, fungua IDE HDD AUTO DETECTION, na uandike kwenye karatasi mstari wa LBA kama ulivyo: CYLS, HEAD, SECTOR, MODE. Kwa diski ya silinda 4,092 utaona 1023, 64, 63, LBA. Zima, funga kadi, rudi BIOS kwenye STANDARD CMOS SETUP, weka Primary Master kuwa USER, ujaze namba hizohizo kwa mkono na MODE iwe LBA. BIOS itaamini kadi ni diski ya GB 2.1 yenye vichwa 64, na kila anwani itaangukia palepale ilipokuwa. Nusu ya kadi itabaki bila kutumika. Iache hivyo, programu ya kukata stika haihitaji zaidi.

Kama diski ya zamani haiitiki tena, namba za vichwa unazo ndani ya nakala. Zisome:

xxd -s 32282 -l 2 stika.img

Hiyo ni baiti ya 26 ya sekta ya kuwashia. Ikitoka 4000, ni vichwa 64, kwa kuwa baiti ndogo hutangulia na 40 ya heksa ni 64. Ff00 ni 255, na 1000 ni 16. Silinda unazipata kwa kugawanya idadi ya sekta za nakala nzima kwa vichwa mara 63.

Wapo wenye BIOS isiyokubali USER katika LBA. Kwao rekebisha kadi ifuate BIOS. Kwanza soma kwenye skrini ya BIOS imeipa kadi vichwa vingapi, usikisie. Tuseme 128. Kisha kwenye Linux:

printf '\x80\x00' | sudo dd of=/dev/sdc bs=1 seek=32282 conv=notrunc

Kama patisheni ni FAT32, sekta ya kuwashia ina pacha wake sekta 6 mbele, nayo ibadilishe vilevile kwa seek=35354. Kwa FAT16 hakuna pacha, usiguse hapo. Baada ya hapo fungua kadi kwa TestDisk, weka Geometry ya vichwa 128, tafuta patisheni na ubonyeze Write, ili jedwali la patisheni nalo liseme lugha moja na sekta ya kuwashia.

Wengine watakuambia ufanye rahisi: tengeneza patisheni mpya kwenye kadi, fomati, kisha nakili faili kutoka kwenye nakala kwa Linux. Inawezekana, lakini ina hatari inayojificha. Windows 98 huhifadhi kila jina refu pamoja na jina fupi la herufi 8, na rejista yake imejaa njia kama C:\PROGRA~1. Ukinakili kwa mpangilio mwingine, PROGRA~1 inaweza kuwa PROGRA~2, na programu isiyo na flopi za kuisakinisha ikashindwa kujiona yenyewe. Ukinakili kwa DOS tupu ni vibaya zaidi, majina marefu yote yanapotea. Nakala ya sekta kwa sekta haina maswali hayo, ndiyo maana nimeitanguliza.

Ukitaka bado kutumia ile diski ya GB 80 kwenye Pentium, kwa mfano kwa sababu kadi ya CF hujaipata, basi jampa ya GB 32 ibaki, BIOS iwe LBA na sio LARGE, na patisheni utengeneze kwenye mashine hiyohiyo itakayoitumia. Futa kwanza ya zamani kwenye Linux:

sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=512 count=63

badala ya sdX ukiweka jina la kweli la hiyo diski, na kuhakikisha siyo ile yenye nakala. Rudisha diski kwenye Pentium, washa kwa flopi ya Windows 98, FDISK, jibu Y kwa diski kubwa, chagua 1 kisha 1, kataa kutumia diski nzima na uandike 8000. Rudi nyuma, chagua 2 uifanye hai, maana ukisahau hilo BIOS za AMI zitakujibu "NO ROM BASIC" na nyingine zitanyamaza tu. Zima na uwashe kabla ya kufomati: DOS hupanga herufi za diski inapowaka, na ukifomati bila kuwasha upya huenda unafomati kitu kingine. Kisha FORMAT C: /S. Hiyo itakupa diski inayowaka, lakini bado utakuwa na kazi ya kuhamisha Windows na programu, pamoja na hatari ya majina mafupi niliyoitaja.

Usitengeneze patisheni hizi kwa Windows 10 wala kwa zana mpya za Linux ukiacha mipangilio yake ilivyo. Huanzisha patisheni kwenye sekta ya 2,048, ambayo kwa vichwa 255 ni silinda 0, kichwa 32, sekta 33. BIOS inayosema diski ina vichwa 16 haina kichwa cha 32, na itakata palepale. Na diski iliyowahi kuwekwa GPT (mpangilio mpya wa patisheni) ina patisheni ya aina EE iliyofunika yote: FDISK ya zamani huiona kama patisheni isiyo ya DOS na hukuacha bila nafasi. Zile sekta 63 za sifuri zinaiondoa.

Nakusihi pia uwe mgumu na FDISK /MBR. Mafundi hupeana kama dawa ya kila ugonjwa. Inaandika upya ule msimbo wa baiti 446, na jedwali kwa kawaida huliacha. Lakini diski za miaka ile nyingi ziliwekewa programu ya kuvuka ukubwa wa BIOS, kama Disk Manager au EZ-Drive, ambayo hukaa hapohapo kwenye sekta ya kwanza. Ukiona patisheni ya aina 54 au 55, ndiyo hiyo. Ukiifuta kwa /MBR, patisheni zote zinapotea machoni mwa DOS ingawa data ipo. Kabla ya kugusa sekta ya kwanza ya diski ya mteja yeyote, chukua nakala ya sekta 63 za mwanzo kwa dd. Ni kilobaiti 32 tu.

Vitu vidogo vya kufunga. Kebo ya nyaya 40 isizidi sentimita 45. Kadi iwe mwisho wa kebo, jampa ya masta, na CD-ROM ipeleke kwenye kebo ya pili: kadi nyingi za CF hazipendi kushiriki kebo moja na kifaa kingine. Pini za soketi zisafishe kwa spiriti kali na brashi laini kabla ya kuchomeka, vumbi la huku likikutana na unyevu hufanya utando unaoleta makosa ya kusoma yasiyoeleweka. Windows ikishawaka, ingia kwenye sifa za diski na uondoe alama ya DMA (njia ya kupeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu) kama ilikuwepo. Adapta za bei nafuu mara nyingi hazijaunganisha nyaya za DMA, na Windows itaganda ikizingojea.

Mwisho betri, kwa sababu dawa niliyokupa inaishi ndani ya CMOS, kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS inayotunzwa na betri. Pima CR2032 ikiwa kwenye mazabodi na mashine imechomolewa: ikiwa chini ya volti 2.8, badilisha leo. Ikiwa mazabodi ina kijibetri cha mviringo kilicholehemewa, chenye chumvi ya kijani au nyeupe kuzunguka, kiondoe kabla hakijala njia za shaba. Betri ikifa, BIOS inarudi AUTO, kadi inapewa vichwa 128, na mwenye mashine anakupigia simu kuwa kadi imekufa. Namba zile nne, 1023, 64, 63, LBA, zichapishe kwenye stika na ubandike ndani ya mfuniko wa mashine. Kisha jaribu hivi: weka mipangilio, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, iache usiku mzima, asubuhi ingia BIOS kabla haijawaka. Namba zikiwa zilezile, mpe mteja mashine yake pamoja na flashi yenye stika.img.